Luteni Ambaye Hakuripoti

4 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mwanao na mama yako. Mwambie dada yangu asilionee haya hilo goti, atembee hivyo hivyo. Mkaza-mjomba wako anakusalimu. Ameanza kufuma vitambaa, na sasa hakuna meza, redio wala ndoo ya nyumba hii isiyovaa kitu. Mimi bado nakagua madaraja. Naingia chini ya nguzo na nyundo yangu kama kawaida, ingawa vijana wa idara wameanza kunishika mkono ninapoteremka, na sikuwaomba.

Sasa nina shida, na aliye karibu nayo ni wewe. Mwezi wa sita natimiza umri wa kuondoka jeshi la akiba. Niliomba muhtasari wa utumishi wangu, nao umefika juzi, kurasa mbili. Nilipousoma nilidhani wamekosea bahasha. Kwa hesabu yao niliingia jeshini nikiwa na miaka saba. Jinsia: mwanamke. Kwenye nafasi ya kundi la damu wameandika "ameoa".

Hayo tucheke. Lakini mwaka ule wa mafuriko, miaka kumi na moja iliyopita, nilipokuwa miezi minane na kikosi cha uhandisi tukijenga daraja la muda, wameandika maneno mawili tu: "Aliitwa. Hakuripoti."

Masjala ya jeshi iko mtaa wa nyuma ya hospitali unakofanya kazi. Tafadhali nenda ukawaambie nilikuwepo. Usinipigie simu juu ya jambo hili. Nataka kila kitu kiwe kwenye karatasi.

Mjomba wako

21 Februari

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima. Mama anasema goti si la kwako, uliache. Mwanangu ameng'oka jino la mbele na ananidai nimtengenezee lingine, kwa kuwa mama yake ni fundi wa meno bandia na haoni kwa nini asubiri.

Nimeenda masjala mara tatu. Mara ya kwanza nilikuta wamefunga kwa sababu ya kuhesabu viti. Mara ya pili nilipewa namba, nikakaa kwenye benchi hadi saa saba, wakafunga kwa chakula na hawakufungua tena. Mara ya tatu nilifika dirishani. Hilo dirisha lina tundu lililo usawa wa kitovu, kwa hiyo kila mwenye shida lazima ainame. Ndani yuko sajini mmoja mzee, miwani yake imefungwa kwa waya. Anaongea taratibu kama mtu anayesoma maelezo ya dawa.

"Wewe nani kwa luteni?"

"Mpwa wake."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko kazini, safari ya siku mbili."

"Anayelalamika ni mwenye jalada." Akalifungua, akasoma, akaniangalia kwa matumaini. "Hapa imeandikwa mwanamke. Wewe siye?"

Mjomba, nusura nikubali, tumalize. Nimepewa fomu ya kuomba fomu. Naiambatisha. Uijaze kwa wino mweusi, kwa sababu wa bluu, anasema, mashine yao haiuoni.

Mpwa wako

6 Machi

Mpwa wangu,

Asante kwa usumbufu. Hapa mvua imeanza na barabara ya kaskazini imekatika, kwa hiyo niko nje siku nne kwa wiki. Mkaza-mjomba wako amefuma kitambaa cha kufunika mfuniko.

Nimejaza fomu. Pamoja nayo naweka nakala ya barua ya mwito, kurasa za daftari langu la kazi, na picha ya kikosi tukiwa juu ya daraja. Wa tatu kutoka kushoto ni mimi, nilikuwa na nywele. Picha hiyo uirudishe.

Umri na jinsia waachie. Wakitaka nibaki mwanamke wa miaka arobaini nitabaki. Ninachotaka ni miezi ile minane, na hasa mwezi wa mwisho. Usikubali wakuchanganye na mengine.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mama alianguka bafuni, ila hakuumia, na amenikataza kukuandikia. Kwa hiyo hujui.

Kosa limepatikana. Namba yako ya jeshi inaishia na sitini na moja. Mtu fulani aliandika kumi na sita, na miezi yako yote minane ikaingia kwenye jalada la luteni mwingine wa akiba, mpiga tarumbeta wa bendi ya jeshi. Kwa karatasi za serikali, Mjomba, daraja lile lilijengwa na tarumbeta.

Sajini alisema wa kumi na sita lazima akane kwa maandishi, na kumtafuta si kazi ya masjala. Nikamtafuta. Anaishi juu ya duka la mazulia, anafundisha watoto muziki, na ngazi zake zinalia kwa sauti tofauti kila kidato. Ukutani ametundika cheti cha shukrani kwa ujenzi wa daraja, na kioo juu yake.

Nikamuuliza, "Hukushangaa?"

"Nilishangaa," akasema. "Lakini miaka yote nilipuliza katika jua, sikupewa hata asante. Hii ilipokuja, nikasema pengine ndiyo yenyewe, wamekosea maneno tu."

Aliniandikia karatasi ya kukana bila ubishi. Cheti alikiondoa ukutani mwenyewe akanipa, kisha akabaki anautazama msumari. Niliteremka zile ngazi nikijiona mwizi.

Sasa sikiliza vizuri. Sajini amenionyesha njia ya mkato. Kuna fomu ya msamaha: unakiri kwamba mwaka ule hukuripoti kwa sababu ya ugonjwa, daktari yeyote anagonga muhuri, na unaondoka mwezi wa sita ukiwa na cheti safi. Wiki mbili tu. Kufungua upya mambo ya mafuriko kunahitaji kikao mbele ya meja, na wewe mwenyewe uje. Nimeiweka fomu ndani ya bahasha hii, nimekutilia alama mahali pa kusaini.

Jambo moja zaidi. Alipokuwa anapekua alitoa ripoti ya kurasa mbili, imegongwa "IMEKATALIWA". Alisema iliandikwa na sitini na moja, na kwa kuwa sitini na moja hakuripoti, haikupokelewa. Nikauliza ni ripoti ya nini. Akasema ya lori, akaifunga.

Lori gani, Mjomba?

Mpwa wako

15 Aprili

Mpwa wangu,

Natumaini hamjambo. Mwambie mama yako aweke mkeka wa mpira bafuni.

Fomu hiyo sitasaini. Nilikuwepo.

Mjomba wako

3 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za nyumbani utazipata mwishoni, kwa sababu nikianza nazo nitapoa, na leo sitaki kupoa.

Nimeenda masjala mara kumi na moja. Karakana yetu ina watu sita wanaosubiri meno. Mmoja ni mchungaji anayehubiri ameziba mdomo kwa leso. Msimamizi wangu ameshaniuliza kama nimejiunga na jeshi. Nimeinama kwenye lile tundu mpaka mgongo umejifunza njia. Nimemnyang'anya mzee wa watu cheti chake ukutani. Mlango umefunguliwa, unachotakiwa ni kuvuka kizingiti, na wewe unaniandikia mistari miwili.

Kama unatafuta heshima, cheti safi ni heshima. Nani atakwenda kuchungulia ndani ya jalada kuona kama mwaka mmoja uliumwa? Na kama kuna kitu hunielezi, basi nielezwe, maana naona nimetumwa sokoni bila kuambiwa cha kununua. Nilikuuliza swali la neno moja kuhusu lori. Ukanijibu mkeka wa mpira.

Sajini anasema baada ya mwezi wa sita jalada linapelekwa ghala kuu, na likifika huko, hata yeye analiogopa.

Mama hajambo. Mkeka ameukataa.

Mpwa wako

17 Juni

Mjomba, shikamoo.

Wiki sita bila barua. Tarehe yako ya kuondoka jeshini imepita juzi. Sajini ameliweka jalada lako chini ya birika la chai ili lisionekane na wanaokusanya ya ghala. Hakuniomba chochote. Alisema tu kwamba miaka ishirini na saba hajawahi kuona mtu akikataa kusamehewa, na angependa kujua mwisho wake.

Mama ananiuliza umenuna nini. Sijui nimjibu nini, maana sijui.

Andika neno lolote.

Mpwa wako

2 Julai

Mpwa wangu mpendwa,

Nisamehe. Wazima sisi, ukiacha kwamba mkaza-mjomba wako haongei nami vizuri tangu alipozikuta barua zako mbili za mwisho kwenye mfuko wa koti na hakuna niliyoijibu. Alizisoma zote. Kisha akaniwekea kalamu mezani, akakaa mbele yangu, na bado amekaa ninapoandika.

Kikosi chetu kilikuwa na dereva tuliyemwita Kijiko, kwa sababu alianza kazi kwenye zile mashine za kuchimbia ziitwazo vijiko kabla ya kupewa lori. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Mwongeaji sana. Alikuwa akiendesha huku akikutazama usoni, na ukimwambia aangalie barabara anasema barabara ameshaiona.

Mwezi wa nane wa kazi ile, mto ulipanda tena. Ng'ambo kulikuwa na watu waliokaa kwenye shule siku tatu bila chakula. Daraja lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyelipima. Nilishuka nikaangalia nguzo, nikaona ya pili imeanza kukaa upande. Nikajiambia itabeba mara moja. Saa tisa alasiri nilimwambia Kijiko avuke na unga. Akaniuliza, "Luteni, limekaa sawa?" Nikamwambia, "Limekaa sawa, nenda."

Hakufika katikati. Tulitafuta siku tano, hatukumpata, wala lori. Maji yale yalikuwa yanabeba nyumba.

Niliandika ripoti siku ya sita. Niliandika ukweli wote, na nguzo, na maneno yangu. Nikangoja niitwe. Sikuitwa. Mwezi ukapita, mwaka ukapita. Nilidhani wameisoma wakaamua kuninyamazia, na nikashukuru, mpwa wangu. Hilo ndilo linalonitoa jasho. Nilishukuru na sikuuliza tena.

Januari hii nilikuwa nakagua daraja la mbao kwenye kijiji kimoja mashariki. Mama mmoja mtu mzima alikuja akasimama ukingoni, akauliza kama sisi ni wa idara ya barabara. Akasema mwanawe aliwahi kufanya kazi nasi, akachukuliwa na jeshi wakati wa mafuriko, akatoroka na lori. Ndivyo alivyoambiwa. Kila baada ya muda wanakuja watu kumuuliza kama amerudi na lori ameliuza wapi. Majirani nao hawamsalimii wala hawamwaliki popote, maana ni mama wa mwizi. Alitaka kujua tu kama sisi, tunaozunguka sana, tumewahi kumwona mahali. Akamtaja, na akasema alikuwa mwongeaji sana.

Nilikuwa nimesimama ndani ya maji hadi magotini, nyundo mkononi. Nikamjibu, "Hapana mama, hatujamwona."

Ndipo nikaomba muhtasari wa utumishi wangu, nikaona kwa nini anaitwa mtoro. Ripoti yangu ilitupwa kwa sababu mimi sikuwepo. Na kama mimi sikuwepo, hakuna aliyemtuma Kijiko darajani, basi ametoroka. Nikisaini ule ugonjwa, natoroka mimi na kumwachia yeye jina hilo hadi kiama.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu ulipokuwa shuleni uliwahi kuandika insha kunihusu, kuhusu daraja hilo, na mama yako anayo mpaka leo. Na kwa sababu nilikuwa naogopa kikao. Nilitaka wewe unisahihishie jalada kutoka upande wa pili wa dirisha, nisiguswe. Umenizidi ujasiri kwa kuinama mara kumi na moja.

Mwambie sajini nitafika tarehe nane Agosti. Kikao kipangwe.

Mjomba wako

24 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Nafurahi mmefika salama, na mama anasema kitambaa alicholetewa amekiweka juu ya goti, kinasaidia kuliko dawa. Mkaza-mjomba asitiwe moyo zaidi.

Tangu uondoke sijatulia, nikaona nikuandikie hata kabla ya majibu, lakini majibu yametangulia. Yamekuja leo asubuhi. Sajini alitoka nje ya dirisha kunipa mwenyewe. Kumbe ni mfupi, ananifika begani.

Kwanza niseme jambo ambalo sikulisema kituo cha basi, kwa sababu mlikuwa mnagombania kiti cha dirishani. Meja alipokuuliza, "Unaelewa kwamba ukikubaliwa ulikuwepo, kosa la daraja ni lako?" na wewe ukajibu, "Ndiyo maana nimekuja," nilikuwa nimekaa nyuma na zile nyaraka mapajani, na nilikasirika. Nilikasirika miezi hii yote kwa kuwa ulinificha, na nikakasirika tena kwa kuwa ilibidi uwe peke yako kwenye kiti kile, huku meja anasoma kila kitu kwa sauti kama anasoma menyu. Alipofika kwenye "Limekaa sawa, nenda," ulifumba macho. Yule mpiga tarumbeta, ambaye hakuitwa na alikuja tu na suti yake ya bendi, aliniuliza sikioni, "Ni kweli huyo ndiye mwenye kile cheti?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Sasa naona kwa nini kilikuwa kizito."

Majibu ni haya. Miezi minane imerudi kwako. Ripoti yako imepokelewa, miaka kumi na moja baadaye, kwa muhuri wa leo. Umepewa onyo kali la maandishi kwa kuruhusu mzigo kwenye daraja lenye hitilafu, na utaondoka jeshini bila cheti cha heshima. Wamesema hilo halina rufaa. Mwaka wako wa kuzaliwa wameusahihisha; sasa una miaka mia moja na mbili. Sikubishana.

Na hii nyingine, ambayo naiweka kwenye bahasha yake peke yake, ni ya mama wa Kijiko. Neno "mtoro" limefutwa. Limeandikwa "alifariki akiwa kazini". Walitaka kuituma kwa posta. Nikasema hapana, kuna mtu wa kuipeleka.

Mama ameitoa ile insha, ameisoma tena. Nilimweleza yote. Akasema niilete kwako uandike sehemu iliyobaki. Naiweka pia.

Mpwa wako

15 Septemba

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini mnaendelea vizuri na mchungaji amepata meno yake. Hapa tuko salama.

Nilikwenda Jumamosi. Nilivaa shati la kawaida. Mkaza-mjomba wako alinikatalia sare, akasema huendi kukaguliwa. Nilimkuta mama anapepeta mahindi uani. Alinikumbuka mara moja. "Wewe ndiye wa nyundo," akasema. Akanipa kigoda.

Nilimwambia kabla sijatoa bahasha. Nilidhani nikianza na barua nitajificha nyuma yake. Nilimwambia mwanawe hakutoroka, alikufa mtoni akipeleka unga, na mimi ndiye niliyemwambia avuke. Na Januari aliponiuliza, nilijua, na nilimdanganya.

Akaendelea kupepeta. Aliumaliza ungo wote. Kisha akauliza, "Alikuuliza kama ni salama?"

"Aliniuliza, mama."

"Ukasemaje?"

Nikamwambia nilivyosema.

Akaniuliza saa, na maji yalikuwa ya rangi gani, na kama alikuwa amekula. Nilijibu yote. Alikuwa amekula, wali wa jana yake, tena alilalamika. Hapo ndipo alipolia, kwenye huo wali. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Hakuniambia amenisamehe na sikumwomba.

Alipotulia alisema nisome barua. Nikasoma. Akasema tena. Halafu akajifunga khanga nyingine, akachukua ufunguo, akaniambia, "Twende." Mpwa wangu, alinipitisha nyumba kumi na tisa. Kila mlango anabisha, anasimama wima, ananiambia, "Wasomee." Na kila nikimaliza anasema, "Na waambie wewe ni nani." Nilisema mara kumi na tisa. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya jirani wa ukuta mmoja, ambaye hakuwahi kumsalimia tangu mwaka ule. Yule bwana alinisikiliza akiwa amevua kofia, kisha akamwambia, "Mama, karibu ndani." Akamjibu, "Kesho. Leo nina mgeni."

Tuliporudi uani nikamwachia barua. Anajua kusoma kidogo, aliifuata kwa kidole polepole. Kidole kikasimama. Akaniuliza hapa pameandikwaje. Nikainama nikatazama. Nilikuwa nimesoma mara zote kama ninavyojua, siyo kama ilivyo. Wameandika: "utingo wa lori".

"Mwanangu hakuwa utingo," akasema. "Alikuwa dereva."

Nimemwahidi. Sina uso wa kukuomba, ila naomba.

Mjomba wako

29 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi. Namba yangu ni arobaini na moja, na sasa hivi wameita ya tisa. Sajini ameniona, amevua miwani, ameuegemeza uso kwenye mikono yake miwili.

Nimekuja na chakula changu. Mwambie mama wa Kijiko siondoki.

Mpwa wako